Sura ya Nne: Ukiwa na Hela Unanunua Wapi?

Tuanze na hesabu. Tuseme dumu la mafuta ya kula la lita 5 linauzwa Kariakoo kwa shilingi 30,000, yaani 6,000 kwa lita. Duka la mtaani, ambalo Dar es Salaam tunaliita kwa Mangi hata kama mwenye duka hajawahi kufika Moshi, linauza mafuta hayo hayo kwa kupima. Ukitoa 500 unapata mililita 70 hivi. Kwa kipimo hicho lita moja inapita 7,100. Familia inayopika kwa kipimo kimoja kila siku itatumia 15,000 kwa mwezi, wakati ingechota kwenye dumu lake ingetumia 12,600. Shilingi 2,400 zimekwenda, na hapo tumegusa mafuta tu. Rudia hesabu kwa sukari ya robo, sabuni ya kipande badala ya mche, mkaa wa kopo badala ya gunia, kifurushi cha intaneti cha siku badala ya cha mwezi. Familia ile ile inalipa zaidi kwa karibu kila kitu kinachoingia ndani.

Kwenye semina za ujasiriamali nimesikia mara nyingi jibu la haraka: maskini hajui hesabu, afundishwe kununua kwa jumla. Sikubaliani nalo hata kidogo. Mama anayejua bei ya fungu la nyanya la leo asubuhi katika masoko matatu, na anayeweza kukwambia mchele umepanda kwa shilingi ngapi tangu mfungo, hawezi kuwa hajui kwamba dumu lina nafuu. Anajua mpaka shilingi ya mwisho. Tena si maskini peke yake anayenunua kwa kupima. Pale dirishani utamkuta mwalimu, nesi wa zahanati, fundi ujenzi aliyelipwa jana. Baadhi yao wanapita Kariakoo kila siku wakibadilisha daladala, na hela wanayo mfukoni. Hao ndio wanaonivutia katika sura hii, kwa sababu aliyebanwa hana la kuchagua, lakini mwenye elfu thelathini anayenunua kipimo cha mia tano amechagua.

Simama pembeni ya dirisha hilo mida ya saa moja na nusu jioni. Dirisha lina nondo, na nyuma yake taa moja, mizani, ndoo ya mafuta yenye koki, na pakiti za majani ya chai zilizoning'inia kama shanga. Anakuja mtoto wa miaka minane, mkono mmoja kikombe cha plastiki, mwingine noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo Mangi."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anasema nipimie mafuta ya mia tano na sukari robo. Inayopungua umwandikie, baba akirudi atakuletea."

Mangi anainamisha kipimo juu ya kikombe na kusubiri mafuta yadondoke yote. Anapima sukari kwenye karatasi ya kaki, mizani ikitulia anaongeza kijiko kidogo juu yake, anafunga. Sukari 800, mafuta 500, mtoto ana 1,000. Anavuta daftari nene lililovishwa gazeti, anafungua ukurasa ulioandikwa kwa kalamu ya bluu jina la nyumba, si jina la mtu: mama wa geti la bluu. Anaandika 300 na tarehe. Kurasa nyingine ni za fundi baiskeli, mwalimu mgeni, wale wa chumba cha uani. Mtoto anaambiwa avuke barabara taratibu, na Mangi anamwangalia mpaka afike upande wa pili. Yote hayo hayajachukua dakika tatu.

Hakuna aliyesaini wala kuombwa mdhamini. Hakuna aliyeulizwa kitambulisho, hati ya nyumba au barua ya mjumbe. Mkopo umetolewa kwa mtoto wa miaka minane, kwa niaba ya mama asiyekuwepo, kwa ahadi ya baba ambaye bado yuko kwenye foleni ya Mwendokasi. Benki zetu zina wataalamu na kompyuta na bado hazijaweza kutoa mkopo wa shilingi 300 kwa njia hiyo.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulipita. Bei ya Mangi ni moja. Anayelipa taslimu na anayeandikiwa wote wanalipa 500 kwa kipimo kile kile. Mangi hatozi riba, na ukimwuliza atakwambia riba hajui. Lakini mtaji wake umelala kwenye daftari wiki mbili, tatu, na wapo watakaohama usiku bila kulipa. Hasara hiyo lazima itoke mahali. Inatoka kwenye zile shilingi 2,400, na wanaozilipa ni wateja wote, pamoja na yule ambaye mwezi huu hajakopa hata kiberiti.

Kwa nini huyo wa taslimu akubali? Kwa sababu mwezi una siku thelathini na mshahara una siku moja. Kuanzia tarehe 20 mambo hubadilika, na Januari, mwezi dume, hubadilika mapema zaidi. Leo ana hela; tarehe 24 atakuwa upande wa pili wa daftari. Na Mangi ana kumbukumbu kali kuhusu jambo moja. Mteja anayepita na dumu la Kariakoo begani tarehe mbili, kisha akaja tarehe 25 kuomba aandikiwe, ataambiwa kwa upole au kwa ukali kulingana na hali ya siku: "Ukiwa na hela unaenda Kariakoo, zikikuishia ndiyo unanikumbuka mimi?" Nimeisikia kauli hii kwa wenye maduka wa mitaa tofauti kabisa, karibu neno kwa neno. Kwangu ndiyo maelezo kamili ya kwa nini mtu mwenye akili timamu analipa zaidi ya anavyolazimika. Ananunua mafuta, na pamoja na mafuta ananunua haki ya kuandikiwa siku akiwa hana. Haki hiyo huwezi kuinunua siku unayoihitaji. Inanunuliwa kabla, mia mbili mia mbili, siku ambazo huna shida.

Ukitaka kujua kama bei hiyo ni kubwa, linganisha na mikopo mingine iliyo karibu naye. Kenya, huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu mwenye deni la 30,000 kwa kiwango hicho angelipa 2,250 juu yake. Ni karibu sawa na ile ziada ya mafuta tuliyoihesabu mwanzoni. Ziada ya vitu vingine inafanya kwa Mangi kuwe ghali kidogo, nakubali. Lakini Mangi hakutumii ujumbe wa vitisho, hapeleki jina lako kwenye orodha ya wasiolipa, na mtoto wako akiugua katikati ya mwezi anakusogezea tarehe bila kukuongezea kitu. Upande wa pili wa mizani kuna mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na mwenye kuidai anakuja na vijana kubeba godoro na televisheni. Aliyeonja mikopo hiyo, au kuona jirani akitolewa vyombo nje, hawezi kuiona 2,400 ya mafuta kama upumbavu.

Daftari halimalizi maelezo yote. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Clifford Geertz, alichunguza soko la mji mdogo wa Sefrou nchini Moroko na kuandika juu yake mwaka 1978. Aliona kwamba katika soko la aina ile kitu kilicho adimu kuliko bidhaa ni habari: mnunuzi hajui ubora wa kweli wa anachouziwa, wala bei yake halisi. Kwa hiyo watu hawazunguki soko zima kutafuta aliye chini. Wanashikamana na muuzaji mmoja, na kubishana bei wanabishana naye huyo huyo. Sefrou iko mbali na Mbagala, ila aliyewahi kununua mchele wenye mawe anaelewa haraka. Mangi mzuri anakwambia, "Huu wa leo usichukue, kesho napokea wa Kyela." Amepoteza mauzo ya kilo mbili. Baada ya hapo mteja huyo ataacha kuulizia bei ya mchele kwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu ana mtu wa kumkagulia mchele bure, na anajua kupata mtu kama huyo kwenye soko kubwa ni bahati.

Nije kwenye lile dumu lenyewe, kwa sababu wapo wasiokopa kabisa na bado hawanunui dumu. Waulize akina mama, jibu lao ni fupi: kitu kikiwa kingi ndani hakikai. Dumu la lita 5 jikoni linabadilisha mkono wa mpishi. Chapati zinakaangwa kwa mafuta mengi, mboga inaelea, jirani anakuja kuazima kikombe na huwezi kumwambia huna wakati dumu liko nyuma ya mlango linaonekana. Shemeji akija kutoka kijijini anaondoka na nusu chupa. Haya si mabaya, ndiyo maisha yetu, na sitamani siku ambayo jirani ataona aibu kuazima mafuta. Lakini yana gharama. Kipimo cha mia tano kinaisha jioni ile ile, na kilichoisha hakiazimwi. Anayelipa zaidi kwa kipimo kidogo anamlipa Mangi amtunzie dumu, nyuma ya nondo, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hawezi kulifikia usiku wa manane.

Najua hilo linaonekana kama nadharia ya kujitungia, basi tutazame mji wa Bumala, magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia akaunti katika benki ya kijiji wafanyabiashara wadogo, wengi wao akina mama wa sokoni, pamoja na waendesha bodaboda za baiskeli. Akaunti zilikuwa mbaya kwa kipimo chochote cha kawaida: hazikutoa riba, na kila ukitoa hela unakatwa ada. Ukiweka mia unatoka na pungufu ya mia. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba akina mama wa sokoni walizitumia akaunti hizo, akiba yao ikaongezeka, na wakatia mtaji zaidi kwenye biashara zao. Kwa waendesha baiskeli hakukuonekana badiliko la maana. Mama aliyekuwa analipa ada ile alikuwa analipa ili hela yake iwe mbali na mkono wake, na mbali na mikono ya wote wenye haki ya kumwomba.

India liko jambo la wazi zaidi. Katika mtaa mmoja wa mabanda wa Vijayawada, mtafiti Stuart Rutherford alimkuta mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akikusanya akiba. Kadi ya kila mteja ilikuwa na vyumba 220, kila chumba rupia 5. Kadi ikijaa mteja ameweka rupia 1,100, na anarudishiwa 1,000. Rupia 100 ni za mkusanyaji. Akina mama walimaliza kadi moja wakaanza nyingine. Waliokuwa wanajua kabisa kwamba wanatoa 1,100 ili wapate 1,000 walifurahi, kwa sababu bila yule mwanamke wa kugonga mlango kila siku wasingekuwa na hiyo 1,000. Ghana wapo wakusanya susu ambao kwa mwezi huchukua michango ya siku moja kama ujira wao, na soko zima linawangoja. Ukiwa na picha hizi kichwani, kipimo cha mia tano kwa Mangi kinaeleweka vizuri.

Maduka makubwa yalikuja na bei zilizobandikwa, viyoyozi na vitoroli, na wengi walitabiri Mangi atafunga. Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania mwaka 2014, Uchumi ikafunga ya kwake mwaka 2015, na Nakumatt, iliyochukua yale ya Shoprite, nayo ikaanguka muda mfupi baadaye. Sidai kwamba Mangi ndiye aliyeziangusha, kwa maana kila kampuni ilikuwa na madeni na matatizo yake, na Kenya maduka mengine ya aina hiyo yanaendelea vizuri. Ninachosema ni kwamba kwenye mitaa ya uswahilini duka lenye bei nafuu lisilomjua mtoto wako halikuwa mshindani wa Mangi kama wengi walivyodhani.

Upo hata hivyo upande ambao sitaki kuupamba. Kuna kulipa zaidi kwa hiari na kuna kukamuliwa, na anayechanganya mambo hayo mawili anawatetea wakamuaji. Mwaka 1963 mwanasosholojia David Caplovitz alichapisha utafiti wake kuhusu familia za kipato cha chini New York, zilizokuwa zikinunua samani na televisheni kwa mkopo kutoka kwa wauzaji wa mtaani na wale wa kubisha hodi. Maduka makubwa ya mjini hayakuwa tayari kuwakopesha watu hao. Wakaenda kwa aliyekuwa tayari, wakalipa bei ya kutisha kwa kitanda kibovu, na wakishindwa kulipa sheria iliruhusu mshahara wao ukatwe kabla haujawafikia. Mdai yule naye alimjua mteja kwa jina, lakini alilitumia jina hilo kumpeleka mahakamani.

Miaka mingi baadaye, mtaalamu wa biashara C. K. Prahalad, katika kitabu chake cha mwaka 2004, alilinganisha bei za Dharavi, mtaa wa mabanda wa Mumbai, na zile za Warden Road kwa wenye nacho. Kilo ya mchele Dharavi ilikuwa senti 28 za dola, Warden Road senti 24. Maji ya bomba Dharavi yalikuwa ghali mara 37. Wengi huisoma orodha ile na kuona kitu kimoja, kwamba maskini analipa zaidi. Mimi naona vitu viwili tofauti kabisa. Mchele unauzwa na maduka mengi yaliyopangana. Muuzaji akizidisha, mteja anavuka njia. Ile tofauti ya senti 4 inaweza kabisa kuwa bei ya daftari na kipimo kidogo. Maji yana mwenye bomba mmoja na foleni moja ya madumu. Hapo hakuna anayechagua, na hakuna urafiki unaonunuliwa kwa mara 37. Mahali popote unapoambiwa kwamba watu wanalipa zaidi kwa kupenda kwao, uliza kwanza kama kuna dirisha la pili. Kama halipo, acha kuzungumzia hiari. Nenda kawadai halmashauri na mamlaka ya maji, kwa sauti ya juu.

Kwa Mangi dirisha la pili lipo, mara nyingi hatua ishirini mbele. Ndiyo maana naamini anacholipwa ni malipo halali ya kazi halali, na ndiyo maana anaweza kukipoteza. Mizani ikigundulika inadanganya, hata bila Wakala wa Vipimo kufika, nyumba zenye ukurasa zinalipa madeni yao moja baada ya nyingine na hazirudi. Hakuna ugomvi. Mangi anaona daftari linasafika na kwa siku mbili tatu anaweza hata kufurahi.

Mwanzoni mwa 2024 tuliliona jambo hili kutoka upande mwingine. Mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, viwanda vikashindwa kuzalisha, na sukari ikaadimika nchi nzima. Januari Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi za rejareja kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea mkoa, lakini mitaani ilifika 4,000 na kuendelea, pale ilipopatikana. Mtu mgeni akisimama dirishani na kuuliza, jibu lilikuwa imeisha. Lakini mtaani kwetu nyumba zenye ukurasa zilikuwa zinapata robo robo, jioni, ikiwa imefungwa tayari kwenye kaki, kwa bei ambayo Mangi angeweza kuizidisha kwa yeyote aliyekuja na hela mkononi. Alijinyima faida ya wiki kadhaa kwa ajili ya watu waliomlipa ziada miaka yote. Wapangaji wapya wa nyumba ya jirani, vijana wawili wenye kazi nzuri mjini waliozoea kununua kila kitu Kariakoo mwisho wa mwezi, waliambiwa imeisha mara zote walizouliza. Walimwona mtoto akiondoka na kifurushi cha kaki. Sukari ilipojaa tena madukani na bei kushuka, walianza kununua pale kila jioni, mafuta ya mia tano na sabuni ya kipande, na hela ya dumu zima wanayo.